Foto iliyotaka kutugombanisha



Umekwisha kuitwa mwizi na mtu mliyenyonya titi moja? Mimi niliitwa. Si mbele ya tribinali, lakini kwenye meza ya mama yetu, hapa Likasi, bukari ikiwa bado inatoa moshi. Na sababu yake ilikuwa foto moja tu, foto niliyoipiga mimi mwenyewe kwa mkono wangu na kuituma kwa roho nzuri.

Leo nataka nikusimulie jambo hilo. Kisha nitakuonyesha namna ya kupiga foto ya sarafu za zamani nyumbani, bila vyombo vya bei kali, ili rangi yake ionekane kama ilivyo. Usicheke ukasema: rangi ya foto ni kitu gani? Ngoja kwanza usikie.

KOPO LA BABA

Baba yetu alifanya kazi miaka mingi katika viwanda vya Shituru, pale mukuba unaposafishwa kwa nguvu ya umeme mpaka unatoka katika mabamba mazito. Alipokufa mwaka 2014 hakutuachia gari wala nyumba ya kupangisha. Alituachia baiskeli, vitabu vichache, na kopo moja la maziwa ya unga lililojaa sarafu za zamani.

Ninyi vijana mnaosoma ukurasa huu, labda hamjapata hata siku moja kununua mkate kwa makuta ya chuma, maana sisi tunalipana kwa noti tu. Baba aliyakusanya tangu ujana wake. Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu mbili za mukuba zenye tundu katikati na nyota, za wakati wa mfalme Leopold II, zilizoandikwa 1888. Mlikuwa na franka 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo, iliyotengenezwa wakati wa vita kuu. Mlikuwa na franka nyepesi za alumini zenye mti wa ngazi, za miaka ya mwisho ya ukoloni. Sengi 10 ya mwaka 1967 yenye chui. Makuta 5 yenye kichwa cha Mobutu. Na zaire za njano za mwaka 1987.

Na katikati yao ilikuwa franka 5 ya Katanga ya mwaka 1961. Wazee wetu wanaikumbuka. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, chini ya Moïse Tshombe, na jambo hilo likaisha mwezi wa Januari 1963. Kati ya miaka hiyo walitengeneza sarafu zao: upande mmoja mkungu wa ndizi, upande mwingine msalaba wa mukuba, ule ambao mababu walikuwa wakiusubu na kuutumia kama feza mbele ya wazungu kufika.

Siku ya Mungu, kisha kula, baba alizimwaga zote juu ya kitambaa, akatuita. Hakutuacha tuzishike katikati. «Shika pembeni, na vidole bikavu,» alisema. Kisha akatufundisha rangi. Mukuba ukitoka sasa hivi katika kazi yake ni wa waridi, karibu kama midomo ya mtoto mchanga. Ukikaa hewani unavaa kahawia. Ukipata moto unakuwa mweusi. Ukipata mvua ya miaka unavaa kijani, kama malakiti tunayookota. «Mukuba iko na nguo mingi,» alisema baba, «lakini mwili ni ule ule.»

Tulisikia, lakini hatukuelewa. Maneno ya wazazi yanafanana na mbegu: yanakaa chini muda mrefu.

JIONI YA TAA YA NJANO

Mwaka 2021 yaya wangu, anayekaa Kolwezi, alikuwa na shida. Mtoto wake alikuwa ameingia univasite kule Lubumbashi na makuta ya masomo hayakutosha. Akanipigia telefone: «Mudogo, zile sarafu za baba, kuna watu banazitafuta. Piga foto, unitumie.»

Tulikubaliana wote, na mama pia. Baba mwenyewe angeuza hata shati lake juu ya masomo ya mjukuu.

Siku ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, ilikuwa saa moja ya jioni. Nikasema: nitumie nafasi hii kabla haujaenda tena. Nikaweka sarafu juu ya meza ya kulia, chini ya ampule ya zamani, ile ya waya unaowaka njano. Nikapiga haraka haraka, moja baada ya nyingine.

Ilipofika zamu ya ile franka 5 ya Katanga, nilishangaa. Ndani ya telefone iling'aa kama pete ya arusi. Kwa kusema kweli, nilifurahi. Nilisema moyoni: hii foto ni nzuri kuliko zote. Nikaituma bila neno lolote.

Angalia kosa langu, msomaji. Niliona kwamba foto ni tofauti na kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu, na nikaipenda juu ya sababu hiyo.

«ILE YA ZAHABU IKO WAPI?»

Kule Kolwezi yaya akaonyesha foto kwa mtu mmoja anayejua sarafu. Mtu yule alimwambia neno la kweli kabisa: franka 5 ya Katanga ya mwaka 1961 ilitengenezwa kwa namna mbili. Moja ni ya bronzi, ndiyo iliyotumiwa na watu kwa kununua chumvi na sabuni. Nyingine ni ya zahabu. Picha ni ile ile, ndizi na msalaba. Ile ya zahabu ina uzito wa gramu 13.33, na ndani ya kila sehemu 1000 sehemu 900 ni zahabu. Fanya hesabu: ni gramu 12 za zahabu safi.

Yaya akafanya hesabu. Hakufanya juu ya tamaa; alifanya kama baba mwenye mtoto shuleni. Kabla ya juma kuisha alikuwa amekwisha kulipa masomo yote ya mwaka, kwa kichwa tu.

Siku ya posho alifika Likasi. Tulimpikia bukari na samaki. Kabla hajanawa mikono, aliomba kopo. Akatafuta, akatoa ile franka 5. Mkononi mwake ilikuwa ya kahawia, kama kokoa iliyokauka katika kikombe.

«Mudogo, ile ya zahabu iko wapi?»

«Zahabu gani, yaya?»

«Usinizungushe. Ile ya foto. Ile ilikuwa inangaa. Hii ni ingine.»

«Yaya, ni ile ile. Minakuapia.»

«Macho yangu iliona. Batu batatu kule Kolwezi baliona. Weye uliuzisha ya baba, ukaweka hii ya bure.»

Mama hakusema neno. Alichukua sahani nyingine na kuifunika bukari, polepole, kama mtu anayefunika uso wa maiti. Yaya akaondoka bila kula. Kwa miezi saba hakunipigia telefone, wala mimi sikumpigia.

Nilijaribu kujitetea. Nilipeleka sarafu kwa mtu wa famasi mwenye mizani ndogo: haikufika gramu 7. Nilifurahi, kisha nikaona kwamba furaha yangu ni ya kijinga. Mizani ilionyesha tu kwamba sarafu niliyo nayo si ya zahabu. Hilo yaya alikwisha kulijua. Yeye alikuwa akiuliza neno lingine: ile ya foto iko wapi?

SAHANI YA MAMA

Jibu lilikuwa ndani ya foto yenyewe, na nilikaa nalo miezi mingi bila kuliona.

Usiku mmoja nilifungua telefone, nikaitazama tena ile foto. Safari hii sikutazama sarafu, nilitazama pembeni. Pale kwenye kona palionekana ukingo wa sahani ya mama, ile ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, tunayoijua wote tangu utoto. Ndani ya foto sahani ile ilikuwa ya njano, karibu ya machungwa.

Nilikaa kitini. Tangu lini mama yetu ana sahani ya zahabu?

Hapo nikaelewa. Kama sahani nyeupe imevikwa nguo ya njano, basi sarafu ya kahawia iliyokuwa karibu nayo imevikwa nguo ile ile. Mwanga wa ampule ulikuwa umefanya mukuba kuwa zahabu. Ni lile neno la baba: nguo mingi, mwili ule ule.

KWA NINI FOTO INADANGANYA

Tangu siku ile nilianza kuuliza na kujifunza. Nakupa kwa kifupi.

Mwanga wote si mweupe. Watu wa foto wanaupima kwa kipimo kinachoitwa kelvini. Mwanga wa buji ni kama kelvini 1900, mwekundu-njano. Ampule ya waya ni kama 2700 mpaka 2900, bado njano. Jua la katikati ya mchana ni karibu 5500, nao ni mweupe. Kivulini, chini ya mbingu iliyo safi, inaweza kufika 7000 au kupita, na mwanga unaelekea bluu. Namba ndogo ni njano, namba kubwa ni bluu.

Sasa utauliza: mbona mimi nikikaa chini ya ampule naona karatasi ni nyeupe? Ni kwa sababu macho na akili vinasaidiana. Akili inajua karatasi ni nyeupe, inaondoa njano bila kukuambia. Aparei ya foto na telefone haina kumbukumbu ya sahani ya mama yako. Inakisia tu. Mara nyingine inakisia vizuri, mara nyingine inakosa.

Tena inakosa kwa namna mbili. Ukiwa na mwanga wa njano, inaacha njano ndani ya foto, na bronzi inakuwa zahabu. Lakini ukiikaribisha sana sarafu ya mukuba mpaka inajaza foto nzima, telefone inaona wekundu tu kila mahali. Inadhani mwanga ndio mwekundu, inaongeza bluu ili kusahihisha, na mukuba mzuri unatoka kama chuma kilichokufa. Kwa hiyo sarafu moja inaweza kuwa zahabu jioni na risasi asubuhi, bila mtu kuwa amedanganya kwa kusudi.

Ubaya mkubwa kuliko wote ni kuchanganya mianga miwili: dirisha upande huu, taa upande huu. Hapo nusu ya sarafu inakuwa ya bluu na nusu ya njano, na hakuna mtu atakayeweza kuirudisha.

YAYA ANAPIGA FOTO YEYE MWENYEWE

Nilimwomba mama aite watoto wake wote kwa siku ya ukumbusho wa baba. Yaya alikuja, akakaa mbali nami. Usiku ulipoingia, nilileta kopo. Nikaweka ile franka 5 mahali pale pale, chini ya ampule ile ile, na sahani ya mama pembeni. Nikasema:

«Yaya, nakuomba. Piga foto kwa telefone yako, si yangu.»

Akapiga. Akatazama. Akatazama sarafu, akatazama tena telefone. Ndani yake ilikuwa zahabu.

Sikusema kitu. Nilimwonyesha foto ya zamani, nikaikuza kwa vidole viwili. Karibu na mkungu wa ndizi, kwenye ukingo, pana kovu dogo, kama alama ya jino. Kisha nikampa sarafu mkononi. Kovu lilikuwa pale pale, kwa upana ule ule.

Asubuhi, yeye mwenyewe aliamka mbele yetu. Nilimkuta dirishani, akiwa ameweka sarafu juu ya karatasi nyeupe, anapiga foto tena. Ilikuwa ya kahawia.

Hakuniambia «unisamehe». Wakubwa wengine hawana neno hilo mdomoni. Alisema: «Mudogo, ile bukari ya siku ile, ilibakia?» Mama akacheka mpaka akatoa machozi. Tukala pamoja.

NAMNA NINAVYOFANYA SASA

Basi, msomaji, kama ndani ya nyumba yako kuna sarafu za mzee, fanya hivi. Havitaki makuta, vinataka uvumilivu.

Kwanza, nawa mikono na uikaushe. Tandika kitambaa laini juu ya meza, ili sarafu ikianguka isiumie. Shika ukingo tu. Jasho la kidole linaacha alama juu ya mukuba, na kisha siku chache alama hiyo inakuwa doa la kudumu.

Pili, chagua mwanga mmoja tu. Mimi nachagua dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kati ya saa tatu na saa tano za asubuhi. Nazima taa zote. Nafungua rido kabisa, maana rido ya waridi inatoa sarafu ya waridi. Natazama na nje pia. Ukuta wa matofali mekundu mbele ya dirisha unarudisha wekundu. Muembe wenye majani mengi unatoa ukijani. Hema la bluu la jirani linatoa bluu. Na usisahau nguo yako mwenyewe: sarafu inayong'aa ni kama kioo, na siku moja nilitafuta saa nzima wekundu umetoka wapi, kumbe ulitoka kwa kikwembe changu. Vaa nguo nyeupe, nyeusi au ya kijivu.

Kama mchana huna nafasi, taa ya usiku inaweza kufaa. Lakini iwe moja, na mwanga wake uwe mweupe. Weka karatasi nyembamba nyeupe kati ya taa na sarafu, ili mwanga uwe laini. Usiiguse ampule ya moto kwa karatasi, inaweza kuwaka. Na fulashi ya telefone, iache. Inapiga sarafu usoni, mahali pamoja panakuwa peupe kabisa na pengine peusi.

Tatu, weka ndani ya foto kitu ambacho rangi yake inajulikana. Hiyo ndiyo sahani ya mama. Mimi natumia karatasi nyeupe isiyong'aa, au karatoni ya kijivu. Jihadhari na karatasi nyeupe kupita kiasi: mara nyingi imetiwa dawa ya kuing'arisha, na mchana inaelekea bluu kidogo. Kama telefone yako ina mahali pa kuchagua mwanga wa jua, wa kivuli au wa taa, chagua kulingana na mwanga ulio nao, usiiache ikisie. Endelea mpaka karatasi ionekane kama karatasi. Hapo ndipo utaiamini rangi ya sarafu.

Nne, inua sarafu kidogo, kwa mfano juu ya kifuniko cha chupa, ili kivuli chake kianguke mbali. Telefone iwe juu yake, imelala sawasawa na sarafu. Mimi naiweka juu ya marundo mawili ya vitabu, jicho lake likitazama chini katikati. Usiikaribishe sana, isije ikaziba mwanga; iache mbali kidogo na ukuze picha mara mbili. Gusa sarafu katika kioo cha telefone na ukaze kidole, kwenye telefone nyingi inashika pale. Kama sarafu ni nyeupe mno, punguza mwanga. Kisha tumia ile saa ya kungoja sekunde mbili, ili mkono wako usitikise.

Tano, zungusha meza, si sarafu, mpaka mwanga utoke upande wa juu, pale kwenye saa ya ukutani palipo namba 10 au 11. Maandishi na nyuso zinasimama vizuri mwanga ukitoka juu kidogo. Ukitoka chini, kichwa cha mfalme kinaonekana kama kimebonyea ndani.

Mtoto wa yaya alinifundisha pia kitu kingine, kwa sarafu zilizopata rangi nyingi za uzee. Unachukua kioo kisafi kilichotolewa katika fremu ya picha. Unakisimamisha kwa mshazari juu ya sarafu, nusu ya kusimama na kulala. Mwanga unatoka ubavuni, unapiga kioo, unashuka wima juu ya sarafu, na telefone inatazama chini kupitia kioo hicho hicho. Hapo rangi zote za ngozi ya sarafu zinatokea, hata zile zilizojificha. Angalia tu kioo kisikukate.

Mwisho, kabla ya kutuma, shika sarafu pale pale dirishani na uilinganishe na foto. Hakikisha telefone yako haiko katika hali ya usiku, ile inayofanya kioo kuwa cha njano ili macho yapumzike. Ukiisahihisha foto kwa kioo cha njano, utaharibu iliyo nzuri.

USISUGUE!

Neno hili ni kwa vijana, maana mmoja wenu alinitia hasara. Mtoto wa dada yangu aliona sarafu moja ya 1888 ni nyeusi-nyeusi. Akataka kutusaidia. Akachukua ndimu na majivu ya babula, akaisugua mpaka ikang'aa kama mpya. Akaniletea kwa furaha: «Mama mudogo, ona!»

Sikumpiga. Lakini roho iliniuma. Ile kahawia haikuwa uchafu. Ni ngozi ambayo mukuba unajijengea hewani kwa miaka, na inaulinda. Asidi ya ndimu inaila, majivu yanakwaruza, na mwili unabaki uchi. Kisha majuma machache unapata madoa, huku waridi, kule mweusi. Hata ungengojea miaka 100, ngozi ya kwanza hairudi. Watu wanaokusanya sarafu wanaitambua mara moja, na wanaikataa au wanatoa makuta kidogo sana.

Kama kuna udongo, maji safi na kukausha kwa kubonyeza na kitambaa laini, bila kusugua, yanatosha. Na unga wa kijani unaomomonyoka, huo ni ugonjwa unaokula mukuba. Itenge sarafu hiyo na nyingine, uiweke mahali pakavu.

Jua tena kwamba kila metali ina tabia yake. Shaba ya njano, kama ya franka yenye tembo au ya zaire za 1987, ndiyo inayogeuka zahabu upesi kuliko zote chini ya taa. Alumini haina msimamo: inachukua rangi ya kila kitu kilicho karibu. Makuta 5 ya 1967, yenye nikeli, yakipigwa kivulini yanakuwa ya bluu. Na mukuba mzee unataka mwanga laini, la sivyo unakuwa mweusi na maandishi yanapotea.

KILICHOBAKI

Tuliuza nini? Tuliuza sarafu moja ya 1888, ile ambayo haikusuguliwa, na ya tembo ya 1943, pamoja na nyingine chache. Aliyenunua ni mzee mmoja anayekaa Ubelgiji. Nilimtumia foto za dirishani, mbele na nyuma, pamoja na rula na karatasi nyeupe, na makovu yote nikiyaonyesha. Zilipomfikia aliandika neno moja tu: «Rangi ni ile niliyoiona.» Msomaji, hata kama angeongeza makuta, nisingefurahi kuliko hapo.

Makuta hayo hayakulipa mwaka mzima wa masomo. Yalilipa sehemu, sehemu nyingine tulichanga sisi watoto, na yaya akauza mbuzi wake wawili. Kijana aliendelea.

Ile franka 5 ya Katanga hatukuiuza. Iko ndani ya bahasha ya karatasi, mama anaitunza. Pamoja nayo tuliweka daftari: kila sarafu na foto yake, uzito wake, upana wake, na jina la metali yake. Kila mtoto wa baba ana nakala, Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Siku mama atakapoondoka, hakuna atakayemwuliza mwenzake: ile ya zahabu iko wapi?

Labda wewe huna sarafu. Lakini unauza vikwembe, au vikomo vya malakiti, au unamtumia shangazi foto ya kiwanja kilicho mbali. Weka karatasi nyeupe ndani ya foto. Mwenye kununua aone kitu chenyewe, si taa yako.

Na ikitokea siku moja ndugu yako akutumie foto, kisha akuonyeshe kitu kisichofanana nayo, usimwite mwizi. Tafuta kwanza sahani ya mama kwenye kona.